Masaa Manane Siyo Saa Nane

Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi waandishi chipukizi wenzangu mnaokesha na kaunta buku, leo nimekuja na ugomvi. Sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni na kalamu nyekundu, ile inayopita juu ya hadithi zetu na kila ikikutana na neno "masaa" inakata "ma", inaacha "saa", halafu pembeni inaandika kwa mbwembwe: Kosa! Wingi wa saa ni saa. Kalamu hiyo ilinifuata kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne, nikadhani nikimaliza shule nitapumzika. Wapi! Nimeikuta tena kwa wahariri, nimeikuta redioni, nimeikuta mpaka kijiweni kwetu hapa Upanga, ambako jamaa mmoja hawezi kumaliza kikombe cha kahawa bila kumsahihisha mwenzake.

Nasema hivi, tena bila kumung'unya maneno: "masaa" siyo kosa. Ni neno ambalo Kiswahili kilikuwa kinalihitaji, watu wakalitengeneza kwa midomo yao, na anayelifuta anafuta maana pamoja nalo.

Hebu tuanze na sentensi mbili. Ya kwanza: "Juma alimsubiri Asha saa tatu." Ya pili: "Juma alimsubiri Asha masaa matatu." Zisome tena polepole. Katika ya kwanza kuna miadi. Juma kafika kwa wakati, anaangalia mkono wake, mshale mfupi uko kwenye tisa, basi. Katika ya pili kuna mateso. Juma kasimama mpaka miguu imekufa ganzi. Kwa mtu anayeuza vitunguu labda tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mtu anayeandika hadithi ya mapenzi, hiyo tofauti ndiyo hadithi yenyewe.

Nalisema hili kwa uchungu maana limenipata. Niliandika hadithi fupi, kijana anamsubiri mchumba wake pale viwanja vya Mnazi Mmoja masaa matatu, mvua juu yake, na binti anatokea saa tatu na nusu usiku, anacheka, haombi hata radhi. Kijana anavua pete, anaondoka. Nikaipeleka mahali. Mzee mhariri, jina nalihifadhi, akaniambia, "Mdogo wangu, hadithi nzuri, nimekurekebishia lugha kidogo tu." Ilipotoka nikasoma: "Alimsubiri saa tatu." Washkaji wakanikalia kooni: "Sasa wewe, jamaa kafika saa tatu, demu kaja saa tatu na nusu. Nusu saa tu kamwacha mtu? Huyo shujaa wako ana kisirani!" Neno moja la kiungwana likaua hadithi yote, na aliyeonekana hajui kuandika ni mimi.

Tatizo lenyewe liko wapi? Liko kwenye neno "saa". Tulilichukua kwa Waarabu, nalo kwetu linafanya kazi za watu wanne. Saa ni chombo cha mkononi na cha ukutani. Saa ni jina la nukta fulani ya siku: saa nne, saa sita. Saa ni kipimo, yaani dakika sitini. Na saa ni wakati kwa jumla, kama tunaposema "saa hizi yuko wapi?" Mwingereza kazi hizo amezigawa: chombo kina jina lake, nukta ya siku ina neno lake "o'clock", na kipimo kina lake, "hour". Ndiyo maana mfasiri wa Kiswahili akipewa "eight o'clock" na "eight hours" katika ukurasa mmoja anakuna kichwa. Ya kwanza, kwa hesabu yetu, ni saa mbili. Ya pili, kwa sheria ya kalamu nyekundu, ni saa nane. Lakini saa nane kwa Mswahili yeyote ni ile saa watu wanapolala kidogo baada ya chakula cha mchana!

Wapo watakaosema, hii ndiyo hali ya lugha iliyotukopesha, tuvumilie. Si kweli. Mwarabu naye anatumia neno hilohilo kwa chombo, kwa nukta na kwa kipimo, lakini hachanganyi. Akitaka nukta husema kama mtu anayesema "saa ya nane", anaipa namba ya mpangilio. Akitaka kipimo husema nane kisha analiweka neno saa katika wingi wake, wingi unaosikika kabisa sikioni. Mhispania pia ana neno moja, "hora", lakini kwa nukta husema "las ocho", wala neno lenyewe halitaji. Kwa kipimo husema "ocho horas". Kila mmoja ametafuta njia. Sisi tu ndio tunaambiwa tukae na saa nane mbili zinazofanana kama mapacha, eti huo ndio usanifu.

Tena angalieni jinsi Kiswahili chenyewe kinavyojipanga katika maneno mengine ya wakati. Mwezi wa tatu ni Machi. Miezi mitatu ni siku tisini hivi. Hakuna anayechanganya. Mwaka wa pili wa ndoa si sawa na miaka miwili ya ndoa. Siku ya tatu si sawa na siku tatu. Kila mahali lugha imeweka alama: mara kiunganishi "wa" au "ya", mara wingi ulio wazi. Ukifika kwenye saa, alama imedondoka. Tunasema saa tatu kwa nukta, na tunalazimishwa kusema saa tatu kwa kipimo. Ni kama ukuta uliojengwa vizuri halafu tofali moja likakosekana. Watu wa mjini walipoona upepo unaingia hapo, wakaziba. Walizibaje? Kwa "masaa matatu".

Ukitaka kuwasikia wakiziba, toka Upanga, vuka Barabara ya Morogoro pale Faya, ingia Kariakoo. Simama Mtaa wa Kongo uangalie machinga wanavyofanya biashara. Mmoja atakwambia, "Kaka, mzigo unaingia saa nane." Hapo anakupa nukta, uje saa nane. Mwingine atakwambia, "Hii betri inakaa masaa manane." Hapo anakupa kipimo. Msikilize kutwa nzima, huyu mtu aliyeishia darasa la saba, uone kama atakuchanganyia. Hachanganyi! Mteja akielewa vibaya, hela inapotea, ndiyo maana anasema sawasawa.

Na si wingi peke yake. Mnajua tatizo la "saa moja"? Ukimwambia mtu "nisubiri saa moja", je, akusubiri dakika sitini au akusubiri saa moja jioni? "Ma" ya wingi haisaidii hapo maana saa ni moja. Watu wa mtaani wameziba hata hapo. Wanasema "lisaa limoja". "Nimekaa kwenye foleni lisaa zima." Najua wengine mmekunja uso. Mimi mwenyewe "lisaa" naliweka kwenye midomo ya wahusika wangu tu, sijalipa ruhusa ya kuingia kwenye masimulizi. Lakini kama mtu wa lugha lazima nivue kofia: lisaa, masaa. Moja na wingi, ngeli kamili, LI na YA, imejengwa bila semina wala posho.

Sasa naomba tuache hadithi za mapenzi kidogo, maana kuna atakayesema haya ni mambo ya washairi wenye njaa. Mama yangu mdogo aliugua kifua. Akaandikiwa dawa, akaenda kununua kwenye duka moja la dawa, akapewa bahasha yenye vidonge kumi na tano. Juu ya bahasha dada wa dukani aliandika kwa Kiswahili safi kabisa, kisicho na doa: "Kidonge 1 kila saa 8." Mama mdogo ni mtu wa utaratibu. Akatega simu. Saa nane mchana, kidonge. Saa nane usiku anaamka, kidonge. Siku ya tano nikaenda kumjulia hali.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Bado kifua kinabana."

Nikaichukua bahasha. Vidonge vitano vimebaki. Ndugu msomaji, piga hesabu. Kila baada ya masaa manane ni mara tatu kwa kutwa. Kumi na tano kwa tatu, ilitakiwa siku ya tano viwe vimekwisha. Yeye alikuwa anameza viwili kwa siku, maana siku ina saa nane mbili, ya mchana na ya usiku. Hakukosea kusoma. Alisoma alichoandikiwa. Ilibidi arudi tena kwa daktari, na nauli tena, na pesa ya kumwona tena, na wasiwasi wa usiku wa watoto wake.

Yule dada angeandika "kila baada ya masaa 8", mama mdogo angeelewa. Au angeandika kama wauza dawa wetu wanavyoandika siku zote, 1×3, na kusema kwa mdomo "kimoja kutwa mara tatu", angeelewa vilevile. Hilo la "kutwa mara tatu" ni Kiswahili kitamu ambacho hakikutafsiriwa popote. Kinahesabu safari za kumeza badala ya kuhesabu saa. Lakini yule dada aliona "every 8 hours" kwenye boksi, akaifasiri kwa kanuni aliyofundishwa shuleni, kanuni ikampa "kila saa 8", na kanuni ikamchelewesha mgonjwa kupona.

Sasa wakubwa wa kalamu nyekundu wana hoja zao, na mimi si mtu wa kupigana na mtu aliyefungwa mikono. Nitazitaja moja moja.

Hoja ya kwanza ni ya ngeli. Wanasema saa ni ya I-ZI, sawa na kalamu na nyumba, na hakuna makalamu. Sawa. Lakini rafiki je? Rafiki nalo tulilitoa Uarabuni, nalo lilikaa palepale, na ushahidi mpaka leo tunasema "rafiki zangu" kama tunavyosema "nyumba zangu". Nani leo anakata neno "marafiki"? Limo kwenye vitabu vya shule. Daktari tumelitoa kwa Wazungu, na wingi wake ni madaktari, hakuna anayelia. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba "ma" haiwezi kupanda juu ya neno la kigeni. Inapanda kila siku. Saa imekosa nini?

Hoja ya pili: "Si useme muda wa saa nane?" Nasema, jaribuni. Kwanza ni ndefu, na hadithi yenye "muda wa" kila mstari inasomeka kama barua ya ofisini. Pili, na hapa ndipo pabaya, hata hiyo haiponyi. Mtu wa Dar akisimulia ajali anasema, "Ilikuwa muda wa saa nane hivi, nikasikia puu!" Anamaanisha nini? Nukta! Muda nao umeshaazimwa kwenye nukta. Mnatupa dawa ambayo nayo inaumwa. Nitawapa haki yenu kwenye "kwa": "alilala kwa saa nane" inaeleweka, sina neno. Lakini "kwa" haiwezi kukaa kila mahali. Ukisema "kila", "baada ya", "kabla ya", "safari ya", tatizo linarudi palepale. Basi la saa kumi na mbili ni lile linaloondoka alfajiri. Safari ya saa kumi na mbili je? Ni ya alfajiri, au ni ya kutwa nzima kwenye kiti mpaka nyonga zinauma?

Hoja ya tatu: "Muktadha utaeleza." Ah, muktadha! Huyu muktadha mnambebesha mizigo mingi mno. Chukua mfano. Kijana kafika mahali pa usaili saa moja asubuhi, kavaa shati la kuazima. Mlinzi anamwambia, "Njoo baada ya saa mbili." Kama ni nukta, saa mbili ikishapita tu awe mlangoni. Kama ni kipimo, aje saa tatu. Muktadha upo: asubuhi, ofisi, usaili. Haya, utusaidie basi! Kijana akija saa tatu na wenzake wameshaingia, muktadha hautamlipa mshahara. Mlinzi angesema "baada ya masaa mawili", kijana angejua, angekwenda hata Kisutu kunywa chai arudi.

Hoja ya nne ndiyo wanayoipenda zaidi. Wanasema: "Mbona saa 24 inaeleweka? Mbona ndani ya saa 48 inaeleweka?" Ni kweli, na mwaka 2025 Kariakoo ilipozinduliwa biashara ya saa 24 hakuna aliyeuliza ni saa ishirini na nne ya asubuhi au ya jioni. Lakini angalieni ujanja ulio humo. Saa yetu ya Kiswahili inahesabu moja mpaka kumi na mbili, halafu inaanza tena. Ukivuka kumi na mbili, hakuna nukta yenye jina hilo, kwa hiyo lazima iwe kipimo. Utata unakaa kati ya moja na kumi na mbili tu. Na je, maisha ya watu yanakaa wapi? Palepale! Kulala, kusafiri, kufanya kazi, kusubiri, kumeza dawa, kuumwa uchungu wa kuzaa. Mkitoa mifano yenu toeni ya saa tano na saa nane, msikimbilie ishirini na nne.

Hoja ya tano ni ya mamlaka: Kiswahili sanifu kina wenyewe. Hapa naongea kwa adabu, maana BAKITA iliyoundwa kwa sheria mwaka 1967 imefanya kazi kubwa, na watu wa Chuo Kikuu waliotupa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981 wametujengea nyumba tunayolala. Lakini tukumbuke usanifu ulianzaje. Mwaka 1928 watu walikaa Mombasa, wakachagua Kiunguja kiwe msingi. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia. Yaani watu walikaa, wakaamua. Kilichoamuliwa na watu kinaweza kutazamwa upya na watu. Na wataalamu wenyewe hawakuogopa kubadilisha. Neno "mwongo" katika kalenda ya zamani ya pwani, ile ya Nairuzi, lilikuwa kipindi cha siku kumi. Leo tumelivuta, ni miaka kumi, na magazeti yanaandika miongo miwili, miongo mitatu. Siku zimekuwa miaka na hakuna aliyezimia. Sisi tunaomba silabi moja tu.

Tena wakati mwingine kamati huwa nyuma ya watu. Kariakoo yenyewe ni jina gani? Ni "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, lililopita kwenye midomo ya wenyeji wa mji huu likatoka limeiva. Daladala je? Limetokana na "dala", yaani shilingi tano, nauli ya miaka ya themanini. Hakuna mkutano uliokaa kulizaa. Lilizaliwa mlangoni kwa konda.

Sasa msije mkanielewa vibaya, mkadhani nataka kuifukuza saa. Kinyume chake, nataka saa ipumzike, ibaki na kazi yake ya heshima ya kutaja nukta. Maana saa ya Kiswahili ni mali. Tunaanza kuhesabu jua linapochomoza na linapozama, kama walivyohesabu watu wa kale. Chukua ule usemi wa Waingereza kwamba mtu kafanya jambo "saa ya kumi na moja", yaani dakika ya mwisho kabisa. Asili yake ni Injili ya Mathayo, sura ya 20, wale vibarua walioajiriwa saa kumi na moja. Mwingereza wa leo anapaswa kuelezwa kwa nini kumi na moja ni mwisho wa siku, maana kwake kumi na moja mchana hujafika. Mswahili haelezwi kitu. Saa kumi na moja jioni, kibarua gani anaajiriwa? Hata hivyo mfasiri wa riwaya akikutana na usemi huo asije akaandika saa kumi na moja, msomaji atadhani ni miadi. Aandike "dakika za lala salama", maana mpira tunaucheza wote.

Au chukua tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, ile ambayo tafsiri yake ya Mwalimu Nyerere ilitoka mwaka 1963. Ndani yake wala njama wanakutana usiku, saa inagonga mara tatu. Ukiwa mfasiri utafanyaje? Ukiandika saa tatu, umewarudisha mwanzo wa usiku, wakati watu bado wanakula. Ukiandika saa tisa, wakati ni sahihi, lakini msikilizaji ukumbini amesikia milio mitatu. Huo ndio uzito wa neno saa. Neno lenye mzigo huo tusilibebeshe na kipimo tena.

Na nina shahidi mmoja wa mwisho, mzee kuliko sisi sote. Kila mmoja wetu anasema "usiku wa manane". Hata wenye kalamu nyekundu wanasema, wanaandika, wanafundisha. Sasa nauliza: manane ya nini? Nane haivai "ma" kwa kupenda mitindo. Inavaa kwa sababu kuna jina lililotangulia lenye "ma" yake: magari manane, mayai manane. Na usiku wa manane ndiyo saa ngapi? Ndiyo hapo saa nane, usiku umeshakula nane zake tangu magharibi. Sitakwenda mahakamani kuapa kwamba babu zetu walisema masaa manane. Lakini mimi nikilisikia lile "ma" linanong'ona, na wanaotuambia masaa ni uhuni wa juzi wangetueleza kwanza hayo manane yametoka wapi.

Basi, waandishi wenzangu, mimi naandika hivi, na atakaye anifuate. Chombo ni saa: nina saa mbili, moja mbovu. Nukta ni saa: tukutane saa mbili. Kipimo ni masaa, na tukiliandika tuliheshimu, tulipe upatanisho wake kamili: masaa mawili, masaa matano, masaa manane, masaa mengi. Yule anayeandika "masaa mbili" huyo mkateni, hata mimi nitawashikia kalamu. Kwa namba kubwa kama 24 na 48 saa inatosha, sina ugomvi. Na mdogo wangu uliye kidato cha nne, kwenye mtihani andika saa, chukua alama zako, usiniletee kesi mimi. Ila siku unapokaa na kaunta buku yako mwenyewe, na mhusika wako amesimama kwenye mvua, jiulize jambo moja: anaangalia saa, au anahesabu masaa? Ukishajua, andika hivyo hivyo. Mhariri akikata, mrudishie na sentensi mbili za Juma na Asha, umwombe akueleze tofauti.

Aliye na hoja alete hoja, kurasa hizi ni zetu sote. Mwenye kalamu nyekundu peke yake, bila hoja, namwomba aifunike kwanza.